Uchaguzi wa Quebec: Ushahidi haufichwi

  

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tutoke kidogo Kariakoo na Magomeni, tufunge safari ndefu hadi Kanada, katika mkoa unaoitwa Quebec. Najua wapo watakaoguna: ya Quebec yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na bei ya unga hapa? Yanatuhusu. Kwanza, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa waumini ni kama kiwiliwili kimoja, kidole kikiumia mwili mzima haulali. Pili, watoto wetu wako huko. Wapo waliotoka Dar, Unguja na Mombasa, wapo waliotoka Bujumbura na Bukavu, na wengi wa hawa wa mwisho wamekwenda Quebec hasa kwa kuwa Kifaransa walikuwa nacho tayari.

Binti wa mdogo wangu ni mmoja wao. Anasomea ualimu Montreal. Kaenda kule mdogo, leo ni raia, na Kifaransa anakijua kuliko Kiswahili. Alinipigia simu akaniuliza: "Baba mkubwa, nikimaliza chuo sitaruhusiwa kuingia darasani na hijabu yangu. Uchaguzi wa mkoa unakuja. Kaka anasema kura ni haramu, tusijisumbue. Rafiki zangu wanasema tuhamie Ontario. Wewe unasemaje?" Nilimwomba siku mbili tatu nifikiri. Jibu naliandika hapa kwa sababu nadhani si yeye peke yake anayelihitaji.

Tuanze na huo uchaguzi wenyewe, maana wengi tunauzungumzia tusioujua. Ukisikia mkoa wa Kanada usifikirie mkoa wa Pwani na Mkuu wa Mkoa wake aliyeteuliwa na Rais. Mkoa wa Kanada una bunge lake, una Waziri Mkuu wake, na mambo yanayomgusa mtu kila siku yako mikononi mwa mkoa huo: shule, hospitali, na sehemu kubwa ya mambo ya kazi na makazi. Huko Ottawa kwenye Serikali Kuu kuna jeshi, sarafu na mambo ya nje. Lakini nani afundishe darasa la tatu, na avae nini, hilo ni la mkoa. Kwa hiyo Muislamu wa Montreal anayechangamka kwenye uchaguzi wa Ottawa na kusinzia kwenye uchaguzi wa mkoa, anakesha mlango wa mbele huku wa uani uko wazi.

Sheria yao ya uchaguzi imeiweka siku ya kura Jumatatu ya kwanza ya Oktoba kila baada ya miaka minne, na safari hii imeangukia tarehe 5 Oktoba 2026. Waziri Mkuu hapigiwi kura na mkoa mzima. Kila jimbo linachagua mbunge wake, mwenye kura nyingi anachukua kiti hata kama hakufika nusu, na chama chenye viti vingi ndicho kinachounda serikali. Sisi Watanzania hesabu ya jimbo tunaijua, lakini sikilizeni ya kwao. Mwaka 2022 bunge lao lilikuwa na viti 125. Chama cha CAQ cha François Legault kilipata kiasi cha 41% ya kura kikaondoka na viti 90. Chama cha PQ kilipata zaidi kidogo ya 14% kikapewa viti 3. Waliberali nao walipata 14% na ushei, kura chache kuliko PQ, wakapewa viti 21! Siri ni moja tu: kura za Waliberali zilirundikana Montreal na pembezoni mwake, za PQ zilitawanyika mkoa mzima. Kwa hiyo kule haulizwi tu umepata kura ngapi, unaulizwa umezipata wapi.

Na wapi ndipo Waislamu walipo? Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu Waislamu wa Quebec kuwa zaidi ya 420,000, kama 5% ya watu wote wa mkoa, na walio wengi wanaishi Montreal na vitongoji vyake. Ukilitandaza fungu hilo juu ya mkoa mzima halionekani. Ukiliangalia jimbo kwa jimbo, kuna mahali ambapo kila mgombea analazimika kulihesabu.

Sasa tuje kwenye sheria inayomsumbua binti yetu. Tarehe 16 Juni 2019 bunge la Quebec lilipitisha sheria ijulikanayo kama Sheria ya 21, kwa kura 73 dhidi ya 35. Sheria hiyo inawakataza watumishi wa umma wenye mamlaka kuvaa alama za dini wakiwa kazini: waendesha mashtaka, polisi, askari magereza, na walimu wa shule za serikali. Walimu waliokuwa kazini tangu kabla ya muswada waliachiwa, ilimradi wasihame wala wasipande cheo. Desemba 2021, katika mji wa Chelsea, mwalimu wa darasa la tatu aliondolewa darasani kwa sababu ya hijabu yake. Hakuwa amekosea somo, hakuwa amempiga mtoto, hakuchelewa. Hijabu tu. Oktoba 2025 katazo likapanuliwa kwa sheria nyingine, likawagusa wafanyakazi wa shule ambao si walimu. Novemba mwaka huo huo serikali ya CAQ ikawasilisha muswada mwingine, unaogusa hata swala katika maeneo ya umma na vyumba vya kuswalia vyuoni.

Mtu atauliza, Kanada si nchi ya haki za binadamu? Mahakama ziko wapi? Hapa ndugu msomaji naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jibu langu.

Katiba ya Kanada ina Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982. Uhuru wa dini umo. Usawa mbele ya sheria umo. Lakini kimo pia kifungu cha 33, kinacholiruhusu bunge, la nchi au la mkoa, kutangaza kwamba sheria fulani itafanya kazi hata kama inagongana na haki hizo. Quebec ilikitumia kifungu hicho kwenye Sheria ya 21 tangu siku ya kwanza. Aprili 2021 jaji wa Mahakama Kuu ya Quebec alikiri kuwa sheria hiyo inawaumiza wanawake wa Kiislamu, ila akasema kifungu cha 33 kimemfunga mikono. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya mkoa ikaibariki. Shauri likapanda Mahakama ya Juu ya Kanada, likasikilizwa mwaka 2026.

Kifungu cha 33 kina mipaka miwili ambayo wengi wa ndugu zetu hawaizungumzii. Mpaka wa kwanza ni muda: tangazo hilo linadumu miaka 5 tu, kisha linakufa lenyewe mpaka bunge lilihuishe upya. Na miaka 5 haikuokotwa njiani. Mkataba huo huo unasema hakuna bunge litakalokaa zaidi ya miaka 5 bila kurudi kwa wananchi. Maana yake, aliyekunyima haki lazima apite mbele yako kabla hajakunyima tena. Bunge la Quebec lilihuisha tangazo lake Mei 2024. Piga hesabu. Muda utakwisha tena mwaka 2029, na watakaokuwa wamekaa kwenye viti mwaka huo, kama hakuna uchaguzi wa katikati, ni hao hao watakaochaguliwa Oktoba 2026.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Kifungu cha 33 kinaweza kusimamisha uhuru wa dini, kinaweza kusimamisha usawa, lakini hakiwezi kuigusa haki ya kupiga kura. Hiyo iko kifungu cha 3, na kifungu cha 3 hakimo katika orodha ya vinavyoweza kuwekwa kando. Yaani serikali ya mkoa inaweza kumwambia binti yetu avue hijabu ndipo aingie darasani, lakini haina uwezo wa kumwondoa kwenye daftari la wapiga kura. Haki moja ambayo wameshindwa kumnyang'anya ndiyo hiyo ambayo kaka yake anamwambia aitupe mwenyewe. Subhanallah!

Tumsikilize basi kaka mtu, kwa heshima, maana hoja yake ina watu wengi hata hapa kwetu. Anasema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na anayemchagua mtunga sheria amemfanyia Mungu mshirika. Neno la kwanza ni haki. La pili halifuati. Makhawarij walisimama na neno hilo hilo mbele ya Sayyidna Ali (R.A.), naye akawajibu kwamba wametamka neno la kweli wakakusudia batili. Yeye hakukataa kuwa hukumu ni ya Allah, alikataa kwamba kwa ajili hiyo watu waachwe bila wa kusimamia mambo yao.

Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa katika nchi isiyokuwa na sheria ya baba zake. Mfalme hakuwa wa dini yake. Pamoja na hayo, kama inavyosimuliwa katika Suratu Yusuf, aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, akisema kuwa yeye ni mlinzi na mjuzi. Kwa nini? Kwa sababu njaa ilikuwa inakuja, na angejitenga wangekufa watu. Naye Mtume wetu (S.A.W.), kabla hajapewa utume, alihudhuria katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Waliopatana walikuwa washirikina. Baada ya utume alilikumbuka jambo lile kwa sifa, akasema angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu angeitika. Hakusema yalikuwa ya makafiri basi tuyasahau. Aliangalia kinachotendwa.

Na swahaba waliohamia Habasha, huku kwetu Afrika, je? Waliishi chini ya mfalme Mkristo. Makuraishi walipotuma wajumbe na zawadi ili warudishwe, Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alisimama akatoa ushahidi mbele ya Najashi na makasisi wake, kwa adabu na kwa hoja. Angenyamaza kwa kusema "huyu si hakimu wetu", wangefungwa kamba wakarudishwa Makka.

Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaiona kura kuwa ni ushahidi: unapomchagua mtu unashuhudia kwamba katika hawa waliopo, huyu anafaa zaidi au ana madhara machache zaidi. Na kuchagua dhara lililo jepesi pale yanapokutana mawili ni kanuni inayojulikana katika fiqhi, hakuianzisha mwanasiasa. Kama kura ni ushahidi, basi hukumu ya ushahidi inaifuata. Katika Suratul-Baqara, mwishoni mwa ile aya ya pili kuhusu deni, Mwenyezi Mungu ametukataza kuuficha ushahidi na akaeleza kuwa mwenye kuuficha moyo wake unaingia dhambini. Moyo, si ulimi! Mtu anaweza kukaa nyumbani siku ya uchaguzi akijiona mchamungu kumbe moyo una doa.

Wapo wanaosema: sisi ni 5% tu, tutabadili nini? Hao nawapeleka kwenye kaburi.

Tarehe 29 Januari 2017, baada ya swala ya Isha, kijana mwenye bunduki aliingia msikiti wa Sainte-Foy katika jiji la Quebec akawaua Waislamu 6 na kujeruhi wengine. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Msiba ule ulifichua jambo ambalo wengi walikuwa hawalijui: jiji zima halikuwa na makaburi ya Waislamu. Baadhi ya mashahidi wale walisafirishwa hadi nchi walizozaliwa, wakazikwa mbali na watoto wao. Viongozi wa msikiti walikuwa wamepata eneo katika mji mdogo wa Saint-Apollinaire, lakini matumizi ya ardhi ilibidi yabadilishwe, na majirani wakadai kura ya maoni. Kura ilipigwa tarehe 16 Julai 2017. Walioruhusiwa kupiga walikuwa 49 tu. Walijitokeza 36. Waliokataa makaburi 19, waliokubali 16, moja ikaharibika.

Soma tena hesabu hiyo. Watu 13 hawakwenda. Tofauti ilikuwa kura 3. Maiti za Waislamu zilikosa ardhi kwa kura 3, na sidhani kama hao 13 wote walikuwa na chuki. Pengine mmoja alikuwa na mgeni, mwingine alidhani wenzake watatosha. (Mwezi uliofuata Jiji la Quebec lilikubali kuuuzia msikiti kiwanja, alhamdulillah, lakini hilo halifuti funzo la Julai.)

Hesabu hiyo ina upande mwingine. Wale 16 waliokubali tuzikwe karibu nao hawakuwa Waislamu. Walikuwa majirani tu, wa kijiji cha Kikatoliki, waliotoka Jumapili moja kwenda kushuhudia haki. Sasa Muislamu wa leo aketi nyumbani na uraia wake mfukoni? Atawatazamaje hao?

Uadilifu nao unatutaka tuwaelewe watu wa Quebec wanaoiunga mkono sheria hii, kwani Suratul-Maida inatuonya chuki ya watu isitusukume tukaacha kuwafanyia uadilifu. Mkoa ule hadi miaka ya 1960 ulikuwa mikononi mwa Kanisa Katoliki: shule za Kanisa, hospitali za Kanisa, na neno la padri hadi chumbani. Walipojitoa humo walijitoa kwa hasira, na wengi wa wazee wao wakiiona hijabu wanakumbuka vazi la sista aliyewachapa shuleni. Msalaba uliotundikwa ndani ya bunge lao tangu mwaka 1936 nao uliondolewa ukumbini Julai 2019. Kwa hiyo si kila anayeiunga mkono ni adui wa Uislamu. Mimi naona wamekosea, na wanamlipisha binti wa Kiislamu deni la padri aliyekufa zamani. Lakini mtu mwenye hofu huongei naye kama unavyoongea na mtu mwenye chuki, na mgombea anayegonga mlango wako katika jimbo lenye wazee hao ana nafasi ya kusikia maneno hayo kutoka kwako kabla hajayasikia redioni.

Nani basi achaguliwe? Mimi niko Dar es Salaam, kura yangu iko huku, sitathubutu kuwatajia chama. Nitataja rekodi tu. Mwaka 2019 CAQ na PQ walipiga kura ya ndiyo, Waliberali na Québec solidaire ya hapana. Lakini hao hao Waliberali, walipokuwa madarakani Oktoba 2017, ndio waliopitisha sheria ya kumtaka mtu afunue uso anapotoa au kupokea huduma za umma. Hakuna chama kilichotoka mbinguni. Kadhalika sipendi nikisikia Waislamu wakimpigia mtu kwa sababu tu jina lake ni Muhammad, bila kumuuliza atapigaje kura mwaka 2029. Na sheria hii haikumgusa Muislamu peke yake. Kilemba cha Kalasinga kimo, kofia ya Myahudi imo. Atakayedai haki ya hijabu akainyamazia ya kilemba hajaielewa ile nyumba ya Abdullah bin Jud'an.

Wala mambo yasiishie kwenye hijabu. Huyo mbunge ndiye atakayeulizwa juu ya foleni za hospitali, kodi za nyumba, na wahamiaji wenye vyeti vya udaktari wanaoendesha teksi. Mtu aliye mwema kwa hijabu yako na mbaya kwa mgonjwa wa jirani yako si shahidi uliyemtafuta.

Kuhusu kuhamia Ontario, sitamlaumu anayehama. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana na hijra ina nafasi yake. Lakini kila mwalimu anayehama anaondoka na kura yake, na darasa analoliacha lina watoto wa Kiislamu ambao watamaliza shule bila kumwona hata mtu mzima mmoja aliyejifunika akiheshimiwa. Anayeweza kustahimili na abaki. Afundishe shule binafsi kwa sasa, maana katazo hilo la walimu lilihusu shule za serikali, na jina lake libaki kwenye jimbo lake.

Yaliyobaki ni ya maimamu na kamati za misikiti, na hayahitaji fatwa. Sifa za mpiga kura wa Quebec ni raia wa Kanada, aliyetimiza miaka 18, aliyeishi mkoani kwa miezi 6, na jina liwe kwenye daftari. Aliyehama nyumba na hakubadilisha anwani atafika kituoni akute jina lake jimbo jingine. Kina mama wazee ambao Kifaransa kinawapiga chenga wahitaji kijana wa kukaa nao kabla ya siku, si siku yenyewe. Msikiti usimtaje mgombea mimbarini. Utaje tarehe, ueleze kitambulisho gani kinatakiwa, upange magari ya kuwapeleka wagonjwa, na kazi hiyo ianze kabla Septemba haijaisha.